Kitambaa cha Siku ya Tatu

Jembe la guga, babu yangu, lilikuwa na ulimi mfupi kuliko majembe yote ya boma letu. Alilinunua alipohamia Lumakanda, magharibi mwa Kenya, miaka ya 1960, wakati mashamba ya walowezi huku Lugari yalipokatwa kuwa skimu na watu wakaja kutoka Maragoli, Bungoma na kwingineko kutafuta mahali pa kupanda mahindi. Mpini ulibadilishwa mara nyingi. Chuma kilikuwa kile kile, kimeliwa na udongo mwaka baada ya mwaka hadi kikabaki na upana wa kiganja changu.

Kila jioni, kabla hajaketi, guga alikwangua udongo kwa kibanzi cha mti, akaliosha jembe katika karai, akalipangusa kwa kipande cha gunia na kulitundika chini ya paa la ghala. Kisha alipitisha kidole gumba juu ya chuma na kukitazama. Kidole kikitoka na rangi ya kutu, alilishusha jembe akaanza upya. Mvua inyeshe, uji upoe, wageni wamngoje, hilo halikubadilika. Akiulizwa, alijibu kwa sentensi moja: “Jembe halijarudi nyumbani mpaka lioshwe.”

Nilikua nikiisikia sentensi hiyo kama mtu anavyosikia jogoo. Nilikuja kuielewa mbali sana na Lumakanda, jikoni kwa mzee mmoja wa jimbo la Indiana nchini Marekani, mkononi nikiwa na bastola iliyofunguliwa vipande vipande.

Nilifika Indiana mwaka 2010 na, kama Wakenya wengi waliotangulia huko, nikapata kazi ya kuwatunza wazee majumbani mwao. Mzee huyu alikuwa mjane, fundi mstaafu wa mitambo, mwenye baridi yabisi iliyomkunja vidole. Aliweza bado kusimama, kulenga na kufyatua. Hakuweza tena kushika bisibisi ndogo wala kuzungusha brashi ndani ya tundu jembamba. Siku ya kwanza aliponiita mezani, nilidhani anataka chai. Alikuwa amefungua kisanduku cha mbao, na ndani mlikuwa na bastola ndefu ya silinda, ya mtindo wa zamani kabisa. Akaniuliza kama ningekubali kuwa mikono yake.

Nilimwambia ukweli: kwetu bunduki ni ya askari, na raia asiye na cheti anayekutwa nayo yuko mashakani. Sikutaka kufyatua, na katika miaka yote niliyokaa naye sikufyatua hata mara moja. Alikubali. Alitaka niioshe tu.

Ilikuwa bastola ya fataki. Neno hilo, fataki, nilikuwa nalo tayari kutoka katika Kiswahili, na lilinisaidia. Pwani yetu ilizijua silaha hizi kwa vizazi, na kila aina ikapata jina. Bunduki ya kushindiliwa baruti na risasi kwa mbele iliitwa gobori. Iliyowashwa kwa cheche za jiwe iliitwa gumegume. Baadaye ikaja fataki, kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa, kikachukua nafasi ya jiwe. Samuel Colt wa Marekani alipopata hataza yake mwaka 1836, alikuwa ameunganisha fataki hiyo na silinda inayozunguka. Ukiitazama silinda ya bastola ya mzee kwa mbele, unaona vyumba sita vya kushindilia baruti na risasi ya mviringo. Kwa nyuma, kila chumba kina chuchu ya chuma yenye kitundu katikati, na juu yake huvikwa fataki. Nyundo inagonga, cheche inapenya kitundu, baruti inawaka.

Ile ya mzee haikuwa ya kale yenyewe. Ilikuwa nakala ya Colt ya mwaka 1851, kutoka Italia, ambako kiwanda cha Uberti kimekuwa kikizitengeneza tangu 1959. Mzee alisisitiza tofauti hiyo. Bastola iliyotoka kiwandani karne ya 19 ni kazi ya makumbusho: haitumbukizwi majini, haisuguliwi ing’ae, hushikwa kwa glavu na kuachwa na alama zake za uzee. Nakala ni chombo cha kazi, na chombo cha kazi huoshwa.

Jambo lake la kwanza halikuwa kuosha. Lilikuwa kuhakikisha kwamba bastola ni tupu. Chuchu zote sita zitazamwe, pasiwe na fataki hata moja. Kila chumba kitazamwe kwa mbele, kwa sababu silaha ya aina hii huweza kukaa imeshindiliwa miaka mingi bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje. Naliandika hili nikiwafikiria wenzangu wa huku kwetu: mtu akikuta gobori au bastola kuukuu darini kwa marehemu babu yake, asiisafishe na asiijaribu. Aiache palepale, awaite polisi.

Baada ya hapo kazi ilianza. Nyundo iliinuliwa nusu ili silinda iwe huru. Kulikuwa na kabari ya chuma iliyopita ubavuni na kuushikilia mtutu. Niliisukuma itoke upande wa pili, mtutu ukachomoka, kisha silinda. Mkono wa mbao uliondolewa na kuwekwa mbali na maji. Chuchu zilifunguliwa moja moja kwa spana yake maalumu na kutiwa katika bakuli dogo, nikizihesabu kwa sauti.

Nilipouliza mafuta ya kusafishia yako wapi, mzee alinyoosha kidole kuelekea bomba la maji moto.

Sikuamini. Tangu utotoni nilifundishwa kwamba maji ni adui wa chuma. Mzee akanieleza baruti nyeusi ni nini: katika kila sehemu mia, 75 ni shura, 15 ni makaa, 10 ni salfa. Ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa. Hubaki vumbi gumu. Jingine hupaa kama moshi mweupe, jingine huganda ndani ya mtutu, katika vyumba vya silinda na kuzunguka chuchu. Vumbi hilo lina chumvi zinazoyeyuka majini. Mafuta ya petroli hayaziyeyushi. Yakichanganyika nazo hufanya kitu kama lami, kizito na kigumu kung’oka. Maji moto yenye tone la sabuni huziondoa kwa dakika chache, na joto lake hubaki ndani ya chuma likisaidia kukikausha.

Kisha akataja jina la mojawapo ya chumvi hizo: potasi kaboneti. Ndipo nikamkumbuka guku, bibi yangu, jikoni kwake.

Guku alikuwa akichoma mabua makavu ya maharagwe, akiweka majivu yake katika chombo chenye matundu, na kuyamwagia maji polepole. Maji yaliyodondoka chini, ya rangi ya chai nyepesi, ndiyo musherekha, chumvi ya kienyeji ya Waluhya wengi, inayolainisha mrenda na kunde. Nguvu ya maji hayo inatokana kwa kiasi kikubwa na potasi kaboneti. Na jambo moja kuhusu majivu hayo kila mtoto wa nyumba ile alilijua: ukiyaacha wazi usiku mmoja wakati wa mvua, asubuhi unayakuta yameloa. Hayakumwagiwa maji na mtu. Yameyanywa kutoka hewani.

Basi nikaelewa kinachotokea ndani ya bastola isiyooshwa. Masizi yanaketi juu ya chuma kama majivu ya guku, yanakunywa unyevu wa hewa, na unyevu huo wenye chumvi unakaa umeshikamana na chuma usiku kucha. Kinacholeta kutu ni kazi yenyewe. Kila mlio unaacha ndani ya chombo mbegu ya uharibifu wake, na mbegu hiyo haingoji Jumapili.

Nilizoea. Maji ya kwanza yalitoka meusi na kunuka kama yai viza, kwa sababu ya salfa. Nilibadilisha maji hadi yakatoka meupe. Brashi ilipita mtutuni kutoka upande wa nyuma, ikapita katika kila chumba, na kijiti chenye manyoya kikapita katika kila chuchu. Nilizishika chuchu zikielekea dirishani na kutazama kitundu: mwanga uonekane, mviringo na mdogo. Kitundu kilichotanuka kwa moto na miaka huruhusu mlipuko kurudi nyuma, na chuchu ya namna hiyo hubadilishwa, hairekebishwi. Kila kitu kilikaushwa kwa kitambaa na kuwekwa katika oveni ya moto mdogo. Kikiwa bado vuguvugu, kilipakwa mafuta mepesi. Mhimili ambao silinda inauzunguka ulipakwa mchanganyiko wa nta na shahamu ya ng’ombe, ambao haugandi kama lami ukikutana na masizi. Nyuzi za chuchu nazo zilipata kidogo, la sivyo safari inayofuata hazingefunguka.

Mara moja baada ya safari kadhaa tulifungua pia tumbo la bastola, mahali penye springi na vyuma vidogo vinavyozungusha silinda. Humo ndimo vipande vya fataki zilizopasuka hudondokea, na kipande kimoja chembamba kama kucha kinaweza kuizuia nyundo. Mzee hakuniruhusu kugusa skrubu hata moja kabla ya kupima bisibisi: ncha ijae mfereji wote wa skrubu, isicheze. “Skrubu iliyochunwa,” alisema, “inamtangaza fundi asiyekuwa na subira kwa miaka mia.”

Mwisho wa yote alitaja sharti lililonigusa kuliko mengine. Siku ya tatu, nirudi na kitambaa cheupe. Nikipitishe mtutuni na katika kila chumba. Kikitoka cheupe, kazi imekwisha. Kikitoka na rangi ya kahawia, nianze upya.

Nilinyamaza kidogo. Kisha nikamsimulia kuhusu kidole gumba cha guga.

Kila mwaka, mwezi Septemba, nilimwendesha hadi kijiji kiitwacho Friendship, kusini mashariki mwa jimbo hilo, ambako wapenzi wa silaha za kushindilia kwa mbele hukusanyika kushindana. Nilikaa nyuma ya kamba nikimtazama. Kabla ya kushindilia baruti alifuta mafuta yote, akavika fataki kwenye chuchu za silinda tupu, akaelekeza mtutu karibu na unyasi mmoja ardhini na kufyatua. Unyasi ukitikisika, njia iko wazi. Usipotikisika, kitundu kimeziba. Alifanya hivyo mara sita, unyasi ule ule, kwa utulivu wa mtu anayesali. Kisha alishindilia vyumba vitano, akaacha kimoja kitupu chini ya nyundo kwa usalama, na kuziba midomo ya vyumba kwa shahamu, ili masizi yabaki laini na moto wa chumba kimoja usirukie kingine.

Jioni moja katika hoteli ya huko alitaka kujua kama silaha za aina hii ziliwahi kufika kwetu. Nilimwambia juu ya Chetambe, ule mlima ulio Webuye, si mbali na Lumakanda, ambako Wabukusu walipigana na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Nilimwambia pia juu ya Buganda. Mpelelezi Mwingereza Speke alipofika kwa mfalme wa huko, Kabaka Mutesa, mwezi Februari 1862, katika orodha ya zawadi zake mlikuwa na bastola moja ya silinda, na siku zile bastola ya silinda ilikuwa hasa ya fataki. Speke aliwapiga ng’ombe wanne kwa bastola hiyo mbele ya ikulu. Dakika chache baadaye Kabaka alimpa kijana wake bunduki akaijaribu kwa kumpiga mtu uani.

Mzee aliposikia habari ya mtu yule aliinamisha kichwa na kukaa kimya muda mrefu. Mimi nami nilikuwa nimeisoma habari ile mara nyingi, na uchungu wake haupungui. Silaha ni silaha. Mtu hawezi kuisafisha kwa miaka na kusahau iliundwa kwa ajili gani. Lakini tangu nianze kazi ile mezani kwa mzee, swali jingine lilikuwa limenikaa moyoni. Moshi ulipotawanyika katika ikulu ya Mutesa, nani aliiosha bastola ile? Nani alimwambia mhifadhi wake kwamba masizi yanakunywa maji ya hewa, katika nchi iliyo kando ya ziwa, yenye mvua karibu mwaka mzima? Orodha ya Speke ina bunduki, saa ya dhahabu na vitambaa vya hariri, na nimewaza mara nyingi kwamba maarifa ya kuvitunza hayana mstari wake katika orodha kama hiyo. Miaka kumi na sita baadaye, Alexander Mackay, mmisionari aliyekuwa mhandisi, alipofika Buganda, watu wa ikulu walimpelekea bunduki azitengeneze. Tangu zamani tumekuwa tukipokea vyombo bila jioni yake.

Naja sasa kwenye kosa langu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Julai, 2014. Joto la Indiana wakati huo ni zito, hewa inaweza kukamuliwa. Tulikuwa tumerudi kutoka uwanja wa shabaha, nikaifungua bastola, nikaweka silinda na mtutu kwenye taulo, nikafungulia maji moto. Simu ikalia. Ilikuwa Lumakanda. Guga alikuwa amefariki asubuhi hiyo.

Nilizima maji. Nilitoka nje nikakaa ndani ya gari hadi giza likaingia. Mzee alinijia, akasimama kando ya dirisha bila kusema neno, kisha akarudi ndani kwa sababu miguu haikumruhusu kusimama. Nililala bila kuigusa tena meza ile, na vidole vya mzee havikuweza kazi hiyo.

Asubuhi silinda ilikuwa ya rangi ya chungwa. Niliosha nikasugua, kutu ya juu ikatoka yote, lakini midomo ya vyumba viwili ilibaki na mashimo madogo kama ndui. Nilimwomba msamaha mzee nikilia, na sijui kama nilikuwa nikimlilia guga au chuma. Mzee alichukua kidole changu akakigusisha kwenye mashimo. “Haya hayatatoka,” alisema. “Na bastola itapiga vizuri bado. Kila ukiyaona, umkumbuke babu yako.”

Nimelitafakari neno hilo miaka mingi. Siku ile ile guga alipoondoka ndiyo siku niliyoiacha kazi yake. Sijilaumu kwa kulia. Msiba una haki yake. Lakini chumvi iliyokuwa ndani ya silinda haikujua habari ya msiba. Haijui uchovu, haijui ugeni, haijui sikukuu. Ndiyo maana watu waliotangulia walifanya matunzo kuwa mazoea ya mwili, kama kunawa mikono. Jambo lililo katika mazoea linaweza kubebwa hata na mtu aliyevunjika moyo, au likabebwa na mwenzake anayelijua. Nami nilikuwa nimelibeba peke yangu, bila kumfundisha mtu.

Mzee alifariki mwaka 2016. Nilirudi nyumbani mwaka uliofuata, mwaka ule viwavijeshi vamizi walipoingia katika mahindi ya Kenya. Lumakanda nzima ilikuwa ikibeba pampu za mgongoni. Watu walinyunyizia alfajiri, wakaziegemeza pampu ukutani zikiwa na dawa iliyobaki, wakaenda zao. Baada ya wiki chache nozeli zikaziba, raba zikavimba, vyuma vikaliwa. Watu wakasema pampu za siku hizi ni mbovu. Nilimkuta binamu yangu akichokoa nozeli kwa waya wa seng’enge, nikamshika mkono. Nilikumbuka chuchu zilizoelekezwa dirishani. Kitundu cha nozeli kimepimwa. Ukikitanua kwa waya, dawa inamwagika badala ya kunyunyiza, na hasara ni yako.

Tangu hapo tuna desturi nyumbani. Pampu ikirudi kutoka shambani husuuzwa mara tatu kwa maji safi, na kila mara maji hayo hupigwa yapite katika bomba na nozeli, yakimwagwa katika shamba lile lile lililonyunyiziwa, mbali na kijito. Nozeli hufunguliwa na kusuguliwa kwa brashi laini ya meno. Raba hupakwa mafuta kidogo. Pampu hutundikwa kichwa chini, mdomo wazi, ikauke. Panga, fokojembe na mashine ya kupukuchulia mahindi navyo vina zamu yake. Yote haya hayachukui nusu saa. Pampu tuliyonunua mwaka 2017 inafanya kazi hadi leo.

Jembe la guga nililikuta pale pale chini ya paa la ghala. Kwa miaka mitatu hakuna aliyeligusa. Vumbi lilikuwa limelifunika, na chini ya vumbi kutu nyepesi, ya juu juu tu, kwa sababu lilitundikwa likiwa safi na kavu. Mkono wake wa mwisho ulikuwa umelilinda muda wote huo. Nililiosha kwa maji moto.

Siku ya tatu nilimtuma mpwa wangu wa miaka kumi na kitambaa cheupe. Alikipitisha juu ya chuma pande zote mbili, akakileta akikitazama kwa makini kama mtu anayesoma barua.

“Mjomba, kuna rangi kidogo hapa pembeni.”

Nilimwambia alete karai.